Kukimbiza Saa na Kupunguza Volti

Mtu akitoka mji wa Kitui akaelekea mashariki hufika Zombe, mji mdogo wa soko katika upande mkavu wa Ukambani. Nchi ile ni ya migunga na mibuyu, ya mbuzi na ng'ombe, ya ndengu na mtama. Mvua yake ya kutumainiwa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, nayo pia mara nyingi huwakimbia wakulima. Jua la Februari huko halihitaji kusimuliwa kwa mtu aliyepata kulionja. Nimeanza na jua hilo kwa sababu habari nitakayoieleza ni habari ya joto, ijapokuwa kwa jina ni habari ya kompyuta.

Mpwa wangu ana chumba cha mabati katika soko hilo. Ndani mna kompyuta moja ya mezani, ambayo aliinunua Nairobi ikiwa imekwisha kutumika Ulaya, kwa fedha za mbuzi aliowauza. Umeme wake ni wa sola na betri. Jioni vijana huja kucheza michezo ya mpira na ya mbio za magari, kila mmoja akilipa kidogo kwa nusu saa, na kutokana na kidogo hicho hupatikana sehemu ya karo ya dada yake mdogo. Mwaka mmoja wateja walinung'unika kwamba picha zilikuwa zikikwama. Kijana akafanya jambo alilopata kulisoma: aliingia katika mipangilio ya ndani ya mashine, akaiamuru prosesa iende mbio kuliko walivyoagiza walioiunda. Kwa siku mbili alisifiwa. Siku ya tatu, saa nane ya mchana, mashine ilizimika ghafula. Akaiwasha, ikazimika tena. Nilimkuta ameketi mbele yake kama mtu aliyefiwa.

"Mjomba," aliniambia, "mimi sikuivunja. Niliipa umeme zaidi kidogo tu."

Hayo maneno "zaidi kidogo" yana historia ya zaidi ya miaka 50, na watu wenye elimu na mali nyingi kuliko mpwa wangu wamepata kuyasema na kuyajutia.

Kwanza hapana budi tujue mashine yenyewe. Prosesa ni kipande cha silikoni, kipana kama ukucha au zaidi kidogo, ambacho hufanya hesabu zote za kompyuta. Ndani yake mna swichi ndogo mno ziitwazo transista, na kila swichi kazi yake ni kufunguka na kufungika. Swichi hizo hazifanyi kazi kila moja kwa wakati wake. Huongozwa na mpigo mmoja, kama wapiga makasia wanavyoongozwa na ngoma ya nahodha wao. Mpigo huo huitwa saa, nao hutokana na kipande cha fuwele kinachotetemeka kwa kipimo kisichobadilika. Mapigo milioni moja kwa sekunde huitwa megahezi 1, na mapigo bilioni moja huitwa gigahezi 1. Volti nazo ni nguvu ya msukumo wa umeme. Swichi ikisukumwa kwa nguvu hufunguka upesi. Ikisukumwa kwa unyonge hufunguka polepole. Kwa hiyo mwenye kutaka mapigo ya haraka lazima, baada ya kiasi fulani, aongeze volti, la sivyo ngoma itapigwa kabla makasia hayajatoka majini, na hesabu itakosewa.

Malipo ya jambo hili ni joto. Kanuni yake ni nyepesi, na mwanafunzi wa fizikia aiandike katika daftari lake: nguvu inayoliwa na prosesa, ambayo yote hugeuka kuwa joto, hukua kwa kadiri ya mapigo, lakini hukua kwa kadiri ya kipeo cha pili cha volti. Ukiongeza mapigo kwa sehemu 10 katika 100, joto huongezeka kwa sehemu 10. Ukiongeza na volti kwa sehemu 10 vilevile, huna budi kuzidisha 1.1 kwa 1.1 kwa 1.1, na jawabu ni 1.331; yaani umepata kasi ya sehemu 10 na umelipa joto la sehemu 33. Geuza hesabu hiyo upande wa pili. Acha mapigo yalivyo, punguza volti kwa sehemu 10 tu: 0.9 kwa 0.9 ni 0.81. Umeokoa karibu moja ya tano ya nguvu, na kasi hujapoteza hata chembe.

Msomaji atauliza, kama volti zaweza kupunguzwa bila hasara, kwa nini waundaji hawakuzipunguza wenyewe? Swali hili ndilo kiini cha habari yote. Prosesa huchongwa kwa mamia juu ya sahani moja ya silikoni, lakini hazitoki sawa, kama vile maandazi ya karai moja yasivyotoka sawa. Moja yaweza kuridhika na volti 1.05, jirani yake isifanye kazi chini ya 1.15. Kiwanda hakiwezi kukaa na kila moja na kuipimia chakula chake siku nzima. Huziweka katika mafungu, na kila fungu likapewa volti za kumtosha aliye dhaifu kuliko wote, katika chumba chenye joto, na baada ya miaka kadhaa ya kuchakaa. Basi prosesa nyingi huzaliwa na akiba. Akiba hiyo ni moja, na njia za kuila ni mbili. Yupo anayeila kwa kukimbiza saa mpaka volti zilizomo zimalizike nguvu, kisha akaongeza nyingine. Na yupo anayeiacha saa ilivyo akazipunguza volti. Watu hudhani wawili hawa ni mahasimu. Kwa kweli ni warithi wawili wa shamba moja.

Prosesa ya kwanza kuuzwa kwa watu wote ilikuwa 4004 ya kampuni ya Intel ya Marekani, mwezi wa Novemba 1971. Ilikuwa na transista 2,300 hivi, na saa yake ilipiga mara 740,000 kwa sekunde. Iliundwa kwa ajili ya mashine za hesabu za kampuni ya Busicom ya Japani, na hakuna aliyewazia kucheza mpira juu yake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1974, Robert Dennard wa kampuni ya IBM na wenzake walichapisha makala ambayo watu wengi wa mitaani hawajapata kuisikia, ingawa waliishi juu ya matunda yake kwa miaka 30. Walionyesha kwamba ukiifanya transista kuwa ndogo, na ukazipunguza volti kwa kadiri ile ile, waweza kuzijaza transista nyingi zaidi mahali pale pale na kuziendesha mbio zaidi, na joto la kila kipande cha eneo lisiongezeke. Ahadi ya namna hii ni nadra katika ufundi. Ni sawa na kumwambia mkulima kwamba akikata shamba vipande vidogo atavuna zaidi na maji yatamtosha yale yale. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa na sharti, nalo ni kwamba volti ziendelee kushuka.

Watumiaji hawakungoja. Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta yake ya watu binafsi, yenye saa ya megahezi 4.77. Mwaka 1984 ikatoa nyingine, iitwayo AT, ya megahezi 6. Fuwele ya saa katika mashine hiyo ilikuwa imechomekwa tu, haikuchomelewa, na mara watu wakagundua kwamba wakiing'oa na kuchomeka nyingine ya bei ndogo, mashine ile ile hukimbia kwa megahezi 8, yaani theluthi moja zaidi. Hii ndiyo kukimbiza saa katika sura yake ya kwanza: kazi ya dakika tano, bila volti kuguswa. IBM haikupendezwa. Katika mashine zilizofuata iliibadilisha programu ya kuwashia ili ikague mapigo ya saa, na ikiona yamepita kiasi, ikatae kuendelea.

Kulikuwa na kinyume chake pia, na ni kichekesho kidogo. Michezo ya siku zile ilitungwa kwa kuhesabu mapigo ya saa, si sekunde. Mashine zilipozidi kuwa na mbio, wahusika wa michezo walikimbia kama walioumwa na siafu, wala hapana mchezaji aliyeweza kuwafuata. Ndipo waundaji wakatia kitufe kilichoitwa "turbo" mbele ya kompyuta. Jina lilisema mbio, na kazi yake hasa ilikuwa kuipunguza mashine mwendo.

Kwa muda mrefu prosesa zilitumia volti 5. Pentium ya kwanza ya mwaka 1993, yenye megahezi 60 na 66, ilitumia volti hizo na ikasifika kwa joto. Ile iliyofuata mwaka 1994 ilitumia volti 3.3 tu, ikaenda megahezi 90 na 100 na kupoa zaidi. Hapo waweza kuiona kanuni ya Dennard ikitenda kazi mchana kweupe. Wakati huo huo watu wasio waaminifu walijifunza kufuta maandishi juu ya prosesa za kasi ndogo, wakaandika kasi kubwa, wakaziuza kwa bei ya juu. Mnunuzi alidhani amenunua farasi, kumbe amepewa punda aliyepigwa mjeledi. Hii ni sababu moja iliyoifanya Intel kufunga kizidishio, yaani ile namba ambayo mapigo ya bodi kuu huzidishwa nayo ili kupata mapigo ya prosesa.

Kufunga huko hakukufunga kila mlango. Mwezi wa Agosti 1998 Intel ilitoa prosesa ya watu wa kipato kidogo, Celeron 300A, kwa dola 149. Siku ile ile ilitoa ndugu yake wa fahari, Pentium II ya megahezi 450, kwa dola 669. Kizidishio cha Celeron kilikuwa kimefungwa kwenye 4.5, na mapigo ya bodi yalikuwa megahezi 66. Lakini bodi nyingi za wakati ule ziliweza pia kupiga megahezi 100. Mwanafunzi na azidishe: 100 kwa 4.5 ni 450. Nyingi sana katika Celeron hizo zilikubali, baadhi bila kuongezewa volti na baadhi kwa kuongezewa kidogo, na kwa kuwa hifadhi yake ndogo ya ndani ilikwenda kwa kasi kamili ya prosesa, katika michezo zilisimama bega kwa bega na ile ya dola 669. Kwa maoni yangu hapo ndipo ufundi huu ulipokuwa na haki kamili. Kijana asiye na fedha alipata kwa akili yake kile ambacho tajiri alikinunua, na aliyenyang'anywa ni bei tu.

Lakini mwaka 2000 ugonjwa uliwapata wenye viwanda wenyewe. Kampuni ya AMD, mshindani wa Intel, ilifika gigahezi 1 tarehe 6 Machi 2000. Intel ikatangaza ya kwake tarehe 8 Machi, siku mbili baadaye. Kuanzia hapo namba ya gigahezi ikawa kama jogoo wa ushindani. Tarehe 31 Julai mwaka huo Intel ilitoa Pentium III ya gigahezi 1.13, na ili ifike hapo iliongezewa volti. Wachunguzi wachache wa magazeti ya kompyuta, mmoja wao Tom Pabst, waliijaribu wakaona kwamba haikuweza kumaliza kazi nzito za kawaida bila kuanguka. Kabla ya Agosti kwisha, Intel ilikiri na kuirudisha kiwandani. Kampuni yenye wahandisi wasio na idadi ilikuwa imefanya yale yale ya mpwa wangu: iliila akiba yote, ikaongeza "zaidi kidogo", kisha mchana ukawa mrefu.

Mwezi wa Februari 2001 Patrick Gelsinger, mkuu wa ufundi wa Intel, aliwaonya wahandisi wenzake katika mkutano wao kwamba wakiendelea vile, joto la kila kipande cha prosesa litakuwa kama la tanuri la nyuklia, kisha kama la mdomo wa roketi, na mwisho kama la uso wa jua. Walisikia, wakaendelea. Sababu ilikuwa ni lile sharti la Dennard. Volti zilikuwa zimeshuka kutoka 5 hadi karibu na 1, na hapo zikagoma. Transista zilipokuwa ndogo mno zikaanza kuvuja. Hata zikifungwa, umeme ulipenya kama maji katika mtungi wenye ufa. Ukipunguza volti zaidi, swichi haijui tena kama imefungwa au imefunguliwa. Mwezi wa Februari 2004 Pentium 4 ya namna mpya, iliyopewa jina la Prescott, ilitoka ikiwa na joto kuliko ile iliyoirithi. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Intel iliifuta prosesa iliyokusudiwa kuifuata, na mwezi wa Oktoba ikaiacha ahadi yake ya gigahezi 4. Mkuu wa kampuni, Craig Barrett, alipiga magoti jukwaani mbele ya wateja, nusu kwa mzaha, akaomba radhi.

Wokovu ulitoka upande wa wanyonge. Katika Haifa, nchini Israeli, kundi la wahandisi wa Intel lilikuwa limepewa kazi ya kuunda prosesa za kompyuta za kubeba, ambazo huishi kwa betri. Mwenye betri hana anasa ya kupoteza wati. Prosesa yao ya mwaka 2003 ilikuwa na mapigo machache na ilifanya kazi nyingi katika kila pigo. Kutoka katika mawazo hayo ilizaliwa Core 2 Duo ya mwaka 2006, ambayo kwa saa ya polepole iliipita Pentium 4 mbali sana na kula umeme kidogo. Ni ajabu kwamba watu wa betri ndio waliowafundisha watu wa umeme usiokoma. Kwangu mimi, niliyezoea kuona taa za sola, si ajabu sana.

Wakimbiza saa hawakufa. Kufikia mwezi wa Januari 2011 Intel ilikuwa imeamua kuwauzia kile ilichokuwa imewafungia: prosesa zenye herufi K mwisho wa jina, kama ile i7-2600K, zilikuja na kizidishio kisichofungwa, kwa bei ya juu kidogo. Uasi ukawa bidhaa. Wengine walikwenda kwenye mashindano ya rekodi, wakimimina naitrojeni au heliamu ya majimaji juu ya prosesa ili zipoe kuliko baridi yoyote ya duniani. Mwaka 2011 AMD iliandikwa kwa kufika gigahezi 8.4, na mwaka 2022 Intel ikapita 9. Mambo hayo hudumu kwa dakika chache, na hayana mchezo wala karo ndani yake. Nayapita.

Jambo kubwa zaidi lilitendeka kwa kimya. Tangu mwaka 2008 waundaji walianza kuzifundisha prosesa zikimbie zenyewe kila zionapo kwamba zimepoa na kazi ipo. Mwaka baada ya mwaka akiba iliyokuwa ya mtumiaji ililiwa kiwandani. Mwaka 2013 AMD iliuza prosesa ya gigahezi 5, FX-9590, iliyokadiriwa wati 220, ambayo haikuwa ila ndugu zake waliokimbizwa na mwenye kiwanda. Aliyenunua prosesa ya miaka ya karibuni na kutaka kuikimbiza alikuta imekwisha kukimbizwa, na kasi iliyosalia ni makombo. Hapo ndipo ule upande wa pili, wa kupunguza volti, ulipoanza kuheshimiwa. Prosesa inayojikimbiza mpaka joto liikataze, ukiipunguzia volti hupoa, na ikipoa hujikimbiza zaidi. Warithi wawili wakakutana: kwa kupunguza umeme umepata kasi.

Njia hii nayo si tambarare. Volti zikipungua mno, prosesa haiungui, bali hukosea hesabu. Mara nyingine mashine huanguka, na hilo ni heri, kwa kuwa umeliona. Mara nyingine huandika namba isiyo sahihi katika faili na kuendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Mwezi wa Desemba 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, Graz na Leuven walionyesha kwamba mtu mwovu aliyekwisha kupata mamlaka juu ya mashine aweza kupunguza volti kwa makusudi ili hesabu za siri zikosewe, kisha kutokana na makosa hayo akaiba funguo za siri. Intel ikafunga mlango wa kubadili volti katika prosesa nyingi, na wenye kompyuta za kubeba waliokuwa wakipunguza volti kwa nia njema wakafungiwa pamoja na wezi.

Upande wa volti nyingi ulilipa zaidi. Mwezi wa Aprili 2023 baadhi ya prosesa mpya za Ryzen za AMD ziliungua ndani ya bodi zao, na dawa ilikuwa kuwalazimisha waundaji wa bodi wasipitishe volti 1.3 katika sehemu fulani ya prosesa. Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Intel. Wachezaji na waandishi wa michezo walikuwa wakilalamika kwamba prosesa za kizazi cha 13 na cha 14, zile za fahari hasa, zilianguka-anguka baada ya miezi kadhaa ya kazi, na kila siku hali ikawa mbaya kuliko jana. Mwezi wa Julai 2024 Intel ilieleza kwamba maagizo yaliyomo ndani ya prosesa yalikuwa yakiomba volti za juu kupita kiasi. Volti hizo ziliichakaza silikoni, hata kiwango kilichoitosha ilipokuwa mpya kikawa hakiitoshi tena. Mwezi wa Agosti maagizo mapya yalitolewa yasiyoruhusu ombi la kupita volti 1.55, na dhamana ya prosesa hizo ikaongezwa kutoka miaka 3 hadi 5. Zilizokwisha kuharibika hazikuponyeka, zilibadilishwa.

Sasa narudi Zombe. Prosesa ya mpwa wangu ni ile i7-2600K niliyoitaja. Nilimwomba daftari, tukaketi kivulini tukapiga hesabu. Ilipokuwa Ulaya, tuseme katika chumba cha sentigredi 20, ikifanya kazi nzito kwa gigahezi 3.8 na volti 1.20, huenda ilifika sentigredi 70. Yaani ilipanda 50 juu ya hewa iliyoizunguka. Kipoza joto hakina uwezo wa kuishusha chini ya hewa ya chumba. Kazi yake ni kulipeleka joto katika hewa hiyo. Chumba cha mabati mchana kilikuwa na sentigredi 36. Kwa hiyo kabla hajagusa kitu, prosesa ilikuwa ikifika 86. Kisha akapandisha saa hadi gigahezi 4.5 na volti hadi 1.38. Mapigo yaliongezeka mara 1.18, na kipeo cha pili cha volti mara 1.32, pamoja ni mara 1.56. Ile 50 ikawa 78. Katika chumba cha Ulaya ingefika 98, kiwango ambacho prosesa hiyo huanza kujizuia. Katika chumba cha Zombe hesabu yatoa 114, na prosesa haifiki huko. Hupunguza mwendo, na isipopona hujizima. Kijana hakuwa mzembe. Alifuata maagizo yaliyoandikwa na mtu aliyekaa penye baridi.

Nilimwuliza kama picha zilizidi kwenda vizuri katika zile siku mbili. Alifikiri kidogo, akasema, "Katika mpira, kidogo. Katika magari, sikuona tofauti." Nalo halikunishangaza, kwa maana katika michezo mingi mwenye mzigo mkubwa ni kadi ya picha, si prosesa, na aliyemkimbiza punda wa mbele wakati wa nyuma ndiye aliyechoka hajafupisha safari.

Tukairudisha mashine katika hali yake, tukashukuru kwamba iliwaka. Kisha tukaifunga saa kwenye gigahezi 3.4 na kuanza kupunguza volti, hatua ndogo ndogo, na kila hatua tukaipa kazi nzito ya saa nzima kabla ya kuiamini. Alinakili faili zake za hesabu ya biashara katika diski nyingine kwanza, hilo nililishikilia. Kazi ilituchukua siku nne, kwa sababu alikuwa na wateja jioni na hakutaka kuwafukuza. Kwenye volti 1.04 ilianguka baada ya dakika 12. Kwenye 1.06 ilikaa mchana kutwa, lakini mara moja ilitoa jawabu lisilo sawa na majawabu mengine, basi hatukuitaka. Tulisimama kwenye 1.08. Kwa jirani yake, prosesa ya jina lile lile, yamkini ingekuwa 1.12 au 1.05, jedwali la mtu mwingine halina kazi hapa.

Mstari wa mwisho wa daftari lile, kwa mwandiko wake, wasema hivi: joto la chumba 34, prosesa 71, betri saa 4. Juu yake, kwa kalamu nyekundu, ameandika saa za betri za ile siku aliyosifiwa: 3. Saa hiyo moja iliyozidi, jioni, ni wachezaji wawili wa nusu saa nusu saa. Nilipoondoka alikuwa akipanga kutoboa tundu ukutani upande wa mashariki, chini karibu na sakafu, ili hewa ya kivulini iingie, na mlangoni walikuwa wamesimama vijana watatu wakibishana ni nani atangulie.